Muulize Kapteni: Nataka kuingia boti ya uokoaji, naanzia wapi?

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka sehemu moja, ile boti ndogo ya uokoaji, nani anaruhusiwa kukaa humo na anahesabika amefuzu lini. Nadhani ni huu upepo wa kusi unaowatisha watu, bahari ya mwezi wa saba kila mtu wa Dar anaijua, na MV Skagit iliyozama tarehe 18 Julai 2012 ikitoka hapa kwenda Unguja hatujaisahau. Nimechukua barua tano, nyingine nimezifupisha.

Shikamoo kapteni. Mimi ni kijana wa Kigamboni, nina miaka 22, form four nimemaliza. Nimekulia Feri nasaidia wavuvi, kuogelea naogelea sana yaani hapa mtaani hakuna wa kunifikia. Nataka kuwa mwokoaji kwenye boti. Kuna jamaa kaniambia ipo kozi ya siku chache tu ukimaliza unapewa cheti na tayari wewe ni mwokoaji wa kimataifa. Ni kweli? Na nikasome wapi?

Marahaba mwanangu. Huyo jamaa kasema nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndo itakayokula hela yako.

Kozi zipo na ni halali. Hapa kwetu zinatolewa Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, pale Sokoine Drive, na zinafuata mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia unaoitwa STCW, ule wa mwaka 1978 uliokuja kufanyiwa marekebisho makubwa Manila mwaka 2010. Baharia yeyote anaanza na zile za msingi: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wa mtu kazini pamoja na wajibu wake kwa wenzake. Kwenye ile ya kujiokoa majini hamkai darasani tu, unarushwa kutoka juu na laifu jaketi mwilini, unaogelea nayo, unakaa juu ya maji bila nayo, alafu unalipindua boya la mpira lililogeuka chini juu na kupanda ndani ukiwa peke yako. Wengi wanaojisifu kuogelea wanahangaika hapo kwenye boya, sababu pale nguvu za mkono hazisaidii kama hujui usimame wapi na uvute kamba ipi.

Juu ya hizo ndo inakuja kozi ya boti za uokoaji na vyombo vya kujiokolea. Masharti yake kimataifa, uwe umefikisha miaka 18, na kozi peke yake haitoshi, inatakiwa uwe na miezi isiyopungua 6 ya kazi baharini inayotambulika, au 12 kama hukupita kozi. Kwaiyo hapo umeona, cheti cha siku chache bila bahari nyuma yake bado hakijakamilika. Baada ya hapo ipo nyingine ya boti za uokoaji ziendazo kasi, na huingii huko kama hujapata ile ya kwanza. Alafu kujiokoa majini na kuzima moto kila miaka 5 unatakiwa uoneshe kwamba bado unaweza, na cheti cha daktari hakizidi miaka 2.

Sasa sikiliza jambo ambalo hawakwambii. Hizo kozi zimetungwa kwa ajili ya mtu wa melini. Boti ya uokoaji inayozungumzwa humo ni ile inayoning'inia ubavuni mwa meli, ina urefu wa kati ya mita 3.8 na 8.5, inabeba watu 5 wamekaa na mmoja amelala kwenye machela, na lazima iweze kwenda kasi ya noti 6 (maili 6 za bahari kwa saa) kwa muda wa saa 4. Unafundishwa kuishusha, kuwasha mashine, kushika dira, kuwasha fataki za ishara, na kuipandisha tena. Ni mambo mazuri, lakini boti inayotoka ufukweni Kigamboni usiku kutafuta ngalawa iliyopinduka ina mambo yake mengine kabisa, na hayo unafundishwa na timu utakayoingia, tena kwa miezi.

Waingereza wana chama chao cha kujitolea, RNLI, kipo tangu 1824 na pengine ndo cha zamani kuliko vyote. Mtu mmoja tu kati ya kumi wanaoingia pale ndo alikuwa na kazi ya bahari kabla, wengine ni walimu, mafundi bomba, watu wa dukani. Anaanza kama mwanafunzi kwenye kituo cha kwao, anafundishwa na waliomtangulia, anatiwa saini kitu kimoja kimoja, vifundo, redio, huduma ya kwanza, kusoma ramani, na katikati anapelekwa chuoni kwao Poole ambako kuna bwawa la ndani lenye mashine ya mawimbi, wanazima taa, wanaigeuza boti chini juu watu wakiwa ndani, na inabidi mtoke, mhesabiane, muirudishe. Boti zao ndogo zinaendeshwa na watu watatu au wanne. Watatu tu! Kwaiyo mmoja akiwa shujaa akachupa majini, boti imebaki na wawili na aliyeko majini ameongezeka.

Ndo maana kuogelea kwako nakukata kidogo. Kujua kuogelea lazima, hilo halina mjadala, lakini kazi ya mtu wa boti ni kubaki ndani ya boti. Nikiwa nachagua wanafunzi wawili, mmoja anakata mlango wa bandari kwa mikono na mwingine kila jioni anasuuza mashine kwa maji baridi na kukunja kamba bila kuambiwa, mimi namchukua wa pili na wala siwazi mara mbili. (Na huo mlango wa bandari msiukate kwa kuogelea jamani, bamvua maji yetu yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, yakiwa yanatoka pale Magogoni mkondo haujui kama wewe ni bingwa wa mtaa.)

Kuhusu ajira, milango ni hii. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wana watu wa uokoaji majini na wazamiaji, wanatangaza nafasi na mafunzo ya jeshi ni kwao wenyewe, masharti ya umri na elimu yanabadilika tangazo kwa tangazo kwaiyo soma tangazo lenyewe, usisome meseji za WhatsApp. Wapo Polisi Wanamaji, yupo mwanamaji wa JWTZ, na ukiwa Mzanzibari kuna KMKM, kile Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. Hawa wote wanakuajiri kwanza ndo wanakufundisha, hawakudai cheti cha boti mlangoni. Njia ya DMI inakufaa kama unataka meli, na ukiwa na vyeti hivyo mkononi hata kwingine hujidhuru.

Kapteni salama? Sisi ni mabaharia wa boti zinazopeleka wageni Mbudya na Bongoyo. Watu wakipata shida sisi ndo tunafika kwanza, hata kabla ya serikali. Tumekubaliana tuunde timu ya kujitolea, boti tunazo, mashine za 40 tunazo. Tujifunze nini na tujifunzeje? Hela ya kwenda chuoni wote hatuna.

Salama kabisa, na barua yenu nimeipenda kuliko zote. Ni kweli mnachosema, anayefika kwanza ni aliye karibu. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, abiria na wahudumu 43 na 19 wakafariki, waliowahi pale ni wavuvi na mitumbwi yao. Kwaiyo msijione wadogo.

Kabla ya mazoezi malizeni upande wa TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Wao ndo wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini na ndo wenye kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji hapa Dar. Waambieni mpo, boti ngapi, mnapatikana vipi, na leseni za boti ziwe hai. Timu isiyojulikana na kituo ikitoka usiku inaweza yenyewe kuwa tukio la pili. Na mmoja wenu au wawili mchangieni akasome kozi za msingi DMI, huyo ndo atakuwa mwalimu wenu.

Mazoezi sasa. Anzeni na ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine. Najua Dar nzima imefungwa kwenye swichi yake alafu imeachwa inaning'inia, au kuna kipande cha plastiki kimechomekwa ili isisumbue. Upande wa pili wa kamba hiyo unafungwa kwenye paja la mwendeshaji, sio mkononi, sio kwenye usukani. Akirushwa na wimbi inachomoka na mashine inazima, isipochomoka boti inaanza kuzunguka duara peke yake, na duara hilo linamrudia yeye na propela ikiwa inazunguka. Timu ambayo haiwezi kukubaliana juu ya kamba hii wala isiendelee na somo lingine.

Alafu gawaneni kazi, na mzibadilishane kila zoezi ili kila mtu ajue zote. Mmoja usukani. Mmoja mbele kabisa, na kazi yake mtu akionekana majini ni moja tu, ananyoosha mkono mzima kumwelekezea na haondoi macho, haangalii simu, hajibu swali, hageuki hata akiitwa na mama yake. Mnaweza kudhani huyo hana kazi. Jaribuni mwezi wa saba, tupeni dumu la njano la lita 20 baharini mkiwa na mawimbi ya mita moja, mgeuke nyuma sekunde kumi tu, alafu mlitafute. Kichwa cha mtu ni kidogo kuliko dumu na wala sio cha njano. Wa tatu yupo katikati na kamba ya kurusha, boya na blanketi.

Kumwendea mtu, mnatoka upande wa demani, yaani kule upepo unakoelekea, mkiukabili upepo kwa omo, ile pua ya boti. Wengi wanafanya kinyume, wanatoka joshi, kule upepo unakotokea, kwa sababu ni rahisi kuteremka na upepo, kumbe boti nyepesi inapeperuka kama gazeti, inampanda yule mtu kichwani. Ukikabili upepo boti inasimama yenyewe ukipunguza moto, na mkikosea upepo unawasukuma mbali naye. Mwekeni upande ule ule alipokaa mwenye usukani, amwone mpaka mwisho, na mashine ikatwe gia kabla mtu hajafika usawa wa katikati ya boti. Mtu akishaguswa mashine inazimwa kabisa. Fanyeni hilo na dumu mpaka liwachoshe, kisha na mtu mwenye laifu jaketi, mchana, maji yametulia. Mkiliweza mchana ndo mfanye magharibi.

Kumpandisha ndo penye jasho. Mtu mzima aliyelowa, amelegea, anavuta chini. Wawili wanamshika makwapani au kwenye mikanda ya jaketi, mgongo wake ukiwa umeelekea boti, mnahesabu pamoja, mnamzamisha kidogo na anapoibuka mnaivuta ile nguvu ya maji. Kama amekaa majini masaa mengi basi jitahidini apande amelala, kwa wavu au turubai mnalomviringisha ubavuni mwa boti, maana mtu aliyekaa sana majini ukimnyanyua wima presha inaweza kushuka ghafla akafia mikononi mwenu. Na msiseme bahari yetu ya moto. Maji ya nyuzi 26 bado ni baridi kuliko mwili wa nyuzi 37, na maji yanafyonza joto kwa haraka kuliko hewa, masaa mengi mtu anatetemeka hapo hapo Mbudya kwenye jua.

Kutafuta msitafute kwa kuzunguka zunguka. Nendeni sehemu alipoonekana mara ya mwisho, andikeni saa, hesabuni mkondo umempeleka wapi tangu hapo, kisha pigeni mraba unaopanuka: urefu mmoja, kulia, urefu mmoja, kulia, mara mbili, kulia, mara mbili, kulia, mara tatu, hivyo hivyo mnaendelea. Kitufe cha GPS kinashika mahali ila hakimshiki mtu, yeye anaendelea kuelea.

Redio ya VHF mnunue hata moja ya mkononi, chaneli 16 ndo ya dharura na ya kuitana. Mayday mara tatu, jina la boti, mahali mlipo, shida ni nini, watu wangapi. Jifunzeni kulisema hilo bila kupaniki, kila mtu, hata yule kijana wa kushika nanga. Simu inasaidia karibu na ufukwe, ikilowa imekwisha.

Na wekeni daftari. Kila zoezi tarehe, hali ya bahari, nani alikuwa usukani, nani mbele, nini kilikwama. Mtu asitoke kwenye tukio la kweli mpaka daftari lioneshe amefanya kila nafasi mchana na usiku na wenzake wamemsainia. Hiyo ndo mitihani yenu, na mkikuta mtu ni tajiri wa boti lakini daftari lake tupu, abaki ufukweni apokee simu. Najua hapo patakuwa na ugomvi, ila ugomvi wa ufukweni una msuluhishi.

Shikamoo kapteni, mimi ni binti wa Mbagala, navaa miwani na kuogelea ndo kwanza najifunza. Nimependa hii kazi ila kila mtu ananicheka. Nijisumbue?

Marahaba binti yangu. Jisumbue. Mkataba wa STCW haujatenga kazi ya mwanamke na ya mwanaume, na kwenye boti ndogo uzito mdogo na mkono mtulivu wa redio ni faida. Kuogelea kunafundishika ukubwani, tafuta mwalimu wa bwawani kwanza, baharini baadaye. Macho ndo uyashughulikie mapema kabla hujalipa ada yoyote, kwa sababu daktari wa mabaharia anapima kuona mbali na pia rangi, na rangi ndo inawaangusha wengi kwa mshtuko kwani mtu amekua hajui kama nyekundu na kijani anazichanganya, na taa za vyombo usiku ndo rangi hizo hizo. Miwani peke yake haikufungii mlango, utapimwa ukiwa nayo, na utatakiwa uwe na ya akiba. Waliokucheka waulize kama wao wamepimwa.

Kapteni, juzi ufukweni kijana alitolewa majini hapumui. Watu wakambeba kichwa chini miguu juu, wengine wakamkanyaga tumbo ili maji yatoke. Alifariki. Wazee wanasema ndo inavyofanywa. Nyie waokoaji mnafundishwaje?

Pole sana kwa yote mliyoyaona. Hakuna kozi ya uokoaji inayofundisha hivyo, na naomba iachwe. Tumbo likikamuliwa kinachotoka kwa wingi ni maji ya tumboni na chakula, na kikipanda kinaingia kwenye mapafu. Wakati huo huo dakika zinakwenda, na aliyezama anachokufa nacho ni kukosa hewa.

Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, angalia kifua na sikiliza pumzi, isizidi sekunde 10. Hapumui? Mbane pua umpulizie. Mafunzo ya Ulaya yanaanza na pumzi 5 kwa mtu aliyezama, ya Marekani yanaanza na 2, msigombane hapo, muhimu ni kwamba kwa aliyezama pumzi zinatangulia. Asipoamka mnaminya katikati ya kifua kwa mikono miwili mara 30, kwenda chini sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi 2, kisha 30 tena, mnapokezana sababu inachosha, na mmoja amepiga 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji, tangu mwanzo. Akitapika mgeuze ubavu, futa, endelea. Hata akizinduka akasema yuko fiti apelekwe hospitali, mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuharibika masaa baadaye akiwa amelala nyumbani.

Kwenye boti ndogo inayoruka ruka kuminya kifua vizuri ni kazi ngumu mno, pumzi mnaweza kuanza hapo hapo, kifua mkifika palipotulia. Na hapo mwenye usukani ndo anaamua, sio kelele za waliopo.

Mwanangu ana miaka 16 anataka hii kozi likizo hii, na je wanalipwa?

Hii ya boti asubiri afike 18 mama. Kwa sasa mpeleke akajifunze kuogelea na huduma ya kwanza, vyote anaweza kusoma na umri wake, na kama kuna mjomba mwenye boti ya halali akae naye wikiendi ajifunze vifundo na kuosha mashine. Malipo, askari wa Zimamoto na Polisi Wanamaji wana mshahara wa serikali, baharia wa meli analipwa na kampuni, wa kujitolea analipwa mafuta ya boti kama kuna aliyechanga. Akifika umri, kabla ya kulipa ada popote apige hodi DMI mwenyewe na cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na picha za pasipoti, aulize tarehe za kozi na ada dirishani, na wewe mama usimtumie mtu yeyote hela kwa simu eti akushikie nafasi.